MUDA WAONGEZWA, MSHAHARA HAKUNA

Yaliyowapata watafiti vijana wa Busia na Tororo wakati wa korona, na yafaayo kufanywa sasa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya madereva wa malori, wapakizi wa mizigo wa Malaba, wafanyakazi wa simenti wa Tororo, walimu na wauguzi. Safari hii twataka kuzungumza juu ya watu ambao wengi wetu hatujazoea kuwahesabu kuwa wafanyakazi. Nao wenyewe, tukisema kweli, wengi wao hawajihesabu hivyo.

Hao ni vijana wa utafiti. Twawaona kila siku pande zote mbili za mpaka. Wamevaa shati safi, wamebeba mkoba mgongoni, wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali. Wengine huja alfajiri kuchukua mitego ya mbu iliyotundikwa chumbani usiku. Wengine hukaa maabara wakitazama damu kwa darubini. Wengine ni walimu wapya wa vyuo vikuu, wanafundisha mchana na kuandika usiku, wakitafuta shahada ya udaktari. Majirani wakiwaona husema, "Huyo ni mtu wa mradi, ana pesa." Lakini ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020 ndipo tulipoona wazi nani ana pesa na nani hana.

Makala hii yahusu swali moja tu. Kazi ikisimama kwa msiba usiotokana na kosa la mtu yeyote, nani abebe hasara?

MPAKA HUU NI SHAMBA LA UTAFITI

Pengine msomaji wa mbali hajui kwamba eneo hili letu ni maarufu sana kwa wataalamu wa dunia. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, upande wa Kenya, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wataalamu wa uchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo yake mwaka 2004. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa njia ya utafiti ambayo Busia ilikuwa moja ya mahali ilipojaribiwa mwanzo. Wale watoto wa shule wakaendelea kufuatwa na kuhojiwa hata walipokuwa watu wazima wenye watoto wao, na waliohamia Uganda wakafuatwa huko huko.

Upande wa Tororo kazi kubwa ni malaria. Nagongera imejulikana kwa muda mrefu kuwa mahali penye mbu wengi kupita kiasi. Tangu mwaka 2011 watafiti wa mpango uitwao PRISM wamekuwa wakifuata familia za huko, wakipima damu na kuhesabu mbu. Kwa kazi hiyo ndipo ilipojulikana kwamba upuliziaji wa dawa majumbani, ulioanza Tororo mwishoni mwa mwaka 2014, ulishusha malaria sana, na kwamba baadaye malaria ikapanda tena baada ya dawa kubadilishwa mwaka 2020. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, korona ikiwa bado ipo na shule za Uganda zimefungwa, ulianza utafiti mwingine wa malaria wa Tororo na Busia pamoja, ukiangalia hali ya mpakani ambako wakati huo upande mmoja ulikuwa ukipuliziwa dawa na upande mwingine haukupuliziwa.

Tena kuna kituo cha KEMRI cha Alupe, mahali palipojulikana zamani kwa matibabu ya ukoma. Kuna maabara ya Busia iliyotumiwa na wataalamu wa mifugo kuchunguza magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu. Kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye tawi lake Nagongera. Kuna Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi mpaka kilipopewa hati yake mwaka 2022.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hatukatai. Watoto wametibiwa, vyandarua vimegawiwa, na vijana wetu wamepata kazi. Tunalosema ni kwamba kila hesabu iliyomo katika vitabu hivyo vya wataalamu iliandikwa kwanza na kijana aliyetembea kwenye matope, akauliza swali kwa Kisamia, kwa Kiteso au kwa Kijopadhola, akaandika jibu kwa Kiingereza. Profesa hawezi kufanya kazi hiyo, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta. Lugha na njia za vijijini ni mtaji wa yule kijana.

Sasa tazameni ngazi ilivyo. Juu kabisa yuko mfadhili, naye yuko Marekani, Uingereza au kwingineko. Chini yake yuko kiongozi wa utafiti, mara nyingi profesa wa chuo cha nje, pamoja na mwenzake wa Kampala au Nairobi. Chini yao yuko mtafiti kijana mwenye shahada ya pili, ambaye mkataba wake hukatika kila mwaka. Chini yake yuko karani wa kuhoji, fundi wa maabara, dereva na mkusanya mbu. Hawa wa chini wengi wao huajiriwa kwa miezi mitatu, kwa mwezi, au kwa siku.

KORONA ILIPOFIKA

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule na vyuo vikaamriwa kufungwa, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Uganda ilifunga shule na vyuo tarehe 20 Machi, na kesho yake mgonjwa wa kwanza akatangazwa. Mpaka ukafungwa kwa abiria, ukabaki wazi kwa mizigo tu. Magari ya abiria yakakatazwa, bodaboda wakaambiwa wasibebe watu. Nchi ilipoanza kufunguliwa kidogo kidogo mwezi wa Mei na Juni, wilaya za mpakani, Busia na Tororo zikiwemo, ziliambiwa zingoje zaidi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukionekana kwa madereva wa masafa marefu. Wote twakumbuka foleni za malori zilizotoka Malaba na Busia zikaenda kilomita makumi ndani ya Kenya, madereva wakingoja majibu ya vipimo.

Kwa utafiti hilo lilikuwa pigo la ghafula. Kazi yote ya kuhoji watu nyumbani ilisimama. Na ni haki ilisimama, maana hakuna aliyetaka karani awe ndiye anayepeleka ugonjwa kwa mzee wa kijiji. Kazi zilizohusu matibabu ziliendelea kwa shida. Nao mafundi wa maabara ya KEMRI Alupe kazi yao haikupungua bali iliongezeka, kwa kuwa sampuli za korona za mpakani zilipimwa pale.

Tulikaa na baadhi ya vijana hawa, wa pande zote mbili, tukawauliza yaliyowapata. Majina yao hatuyataji, wala miradi yao, kwa kuwa wengi bado wanatafuta kazi katika duara lile lile dogo.

Karani mmoja alikuwa akilala Busia ya Uganda na kufanya kazi Busia ya Kenya, kama maelfu ya watu wa hapa wafanyavyo. Mpaka ulipofungwa, kazi yake ikawa mita mia chache kutoka kitandani mwake, lakini haikufikika. Wenziwe walipita njia za panya. Yeye aliogopa kukamatwa, na aliogopa zaidi kwamba mradi ungemkana akikamatwa. Mwezi ule hakulipwa, kwa kuwa alihesabiwa kuwa "hakufika kazini".

Mwingine, wa Tororo, aliambiwa kazi itaendelea kwa simu. Akapewa orodha ya namba na kulipwa kwa kila mahojiano yaliyokamilika, si kwa siku. Sasa mtu wa kijijini akiona namba asiyoijua hapokei. Akipokea, betri inaisha, na mwenye duka la kuchaji simu amefunga kwa amri ya serikali. Karibu na mpaka simu hurukia mtandao wa nchi ya pili na pesa zinakatwa maradufu. Siku nzima yaweza kupita kijana akipiga simu 40 na kukamilisha mahojiano mawili. Malipo ya simu 38 nani anayajua?

Tena alituambia jambo lililotugusa. Maswali yalihusu chakula: je, nyumbani kwako kuna mtu aliyelala njaa wiki hii? Watu walijibu, kisha nao wakamwuliza, "Na wewe, mwanangu, mtatuletea lini msaada?" Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amekunywa chai kavu.

Tuwe wa haki. Wako waajiri waliowalipa watu wao mshahara wote kwa miezi ile, wakawapa barakoa, sabuni na pesa za simu. Hao twawapongeza. Lakini walifanya hivyo kwa hiari yao, kwa moyo mwema. Na mfanyakazi anayelindwa na moyo mwema wa mwajiri peke yake, huyo hana ulinzi. Moyo ukibadilika, naye amekwisha.

"MMEONGEZEWA MUDA"

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Miradi iliposimama, viongozi wa utafiti waliwaandikia wafadhili kuomba msaada. Wafadhili wengi walijibu kwa upole. Walisema: tunaelewa, tunawaongezea miezi sita, au mwaka, mmalize kazi. Lakini fedha ni zile zile. Katika ofisi za miradi jambo hili huitwa kuongezewa muda bila gharama.

Bila gharama kwa nani? Hebu tufanye hesabu ya mfano, ile ya shule ya msingi. Mradi una mshahara wa mtu mmoja wa miezi 12. Korona inasimamisha kazi miezi sita, kisha mradi unaongezewa miezi sita. Sasa kazi itakwisha kwa miezi 18. Mshahara wa miezi 12 ukigawanywa kwa miezi 18, kila mwezi unapata theluthi mbili. Ile theluthi moja imekwenda wapi? Haikwenda popote, bali ametozwa mfanyakazi. Au mradi unamwambia akae nyumbani miezi sita bila malipo, kisha arudi. Hesabu ni ile ile. Mfadhili hakupoteza hata senti, mradi ulimalizika na ripoti ikaandikwa. Gharama ilikuwapo, ila ililipwa na yule aliye chini kabisa, na haikuandikwa katika kitabu chochote.

Mwenye nyumba wa Busia hajui kuongezewa muda bila gharama. Muuza unga hajui. Mtoto mwenye homa hajui. Hawa wote wanataka fedha mwisho wa mwezi ule ule.

VIJANA WA CHUO KIKUU

Wako wanaodhani kwamba shida hii ni ya makarani tu, na kwamba mwenye shahada ya pili yuko salama. Sivyo. Mwalimu kijana wa chuo kikuu amekwama katika mtego wake mwingine.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2014 za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zilifanya shahada ya udaktari kuwa sharti la kuwa mhadhiri. Maana yake ni kwamba kijana anayefundisha hana njia ya kupanda mpaka amalize utafiti wake. Utafiti wenyewe unataka kibali cha kamati ya maadili, kibali cha taifa, fedha za kwenda vijijini, na watu wa kuwahoji. Korona ilifunga milango hiyo yote kwa mara moja. Ada ya chuo haikufungwa. Miaka ya kusoma iliendelea kuhesabiwa.

Uganda shule zilifungwa kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Madarasa ya mitihani yalirudi tarehe 15 Oktoba 2020, mengine yakafuata kwa zamu, shule zikafungwa tena Juni 2021, na watoto wote hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa mama kijana anayesomea udaktari, hiyo ni karibu miaka miwili ya watoto kushinda nyumbani. Mchana alikuwa mwalimu wa wanawe, mpishi na mwuguzi, usiku akawasha taa aandike tasnifu yake. Wanaume wenye bahati ya kuwa na mke nyumbani waliandika zaidi. Hilo halihitaji profesa kulieleza. Kisha nafasi ya kazi ikitangazwa, wote wawili wanaulizwa swali moja: umechapisha makala ngapi?

Kwa kulinganisha, Aprili 2020 shirika la UKRI, ambalo ndilo la serikali ya Uingereza la kugharimia utafiti, lilitangaza kuwaongezea wanafunzi wake wa udaktari waliokuwa mwaka wa mwisho hadi miezi sita. Miezi hiyo ilikuja pamoja na posho yao. Hapo muda na fedha viliongezwa pamoja. Hatuwaonei wivu wanafunzi wale, walistahili. Lakini jambo hilo laonyesha kwamba yawezekana. Si sheria ya maumbile kwamba muda uongezwe peke yake. Makarani tuliowauliza hapa, hakuna hata mmoja aliyeongezewa vyote viwili.

FEDHA ZA NJE NA MKONO WA MTU MWINGINE

Kwa nini twasema haya leo, korona ikiwa imepita? Kwa sababu korona imepita lakini mikataba ni ile ile.

Novemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.5, ikitaja hasara za korona. Machi 2021 UKRI ikaeleza kwamba kwa mwaka uliofuata ingekuwa na paundi milioni 125 kwa utafiti wa aina hiyo, pungufu ya paundi milioni 120 kuliko ahadi ilizokwisha kutoa. Tafakarini hilo, ndugu. Ahadi zilikwisha tolewa, miradi ilikwisha anza, watu walikwisha ajiriwa. Mikataba ya utafiti katika nchi nyingi za Afrika na Asia ilipunguzwa au kukatwa katikati.

Miaka minne baadaye likaja la Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa nchi hiyo alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Watu wengi wa miradi ya afya walitumiwa barua ya kusimamisha kazi, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likaacha kazi zake rasmi. Mwezi wa Mei mwaka huo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nazo zilitangaza kusimamisha utaratibu wa zamani wa kupitisha fedha kutoka vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nchi za nje, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Utafiti mwingi wa malaria na ukimwi wa Afrika Mashariki ulisimama juu ya fedha za namna hiyo.

Basi mara moja ni virusi, mara ya pili ni bunge la mbali, mara ya tatu ni saini ya mtu mmoja. Sababu hubadilika. Anayeumia habadiliki.

Na serikali zetu? Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilitaja asilimia mbili kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na fedha za kiasi hicho hazijapata kutolewa. Uganda ilijitahidi mwaka 2019 ilipotoa shilingi bilioni 30 za Uganda kwa mfuko wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, na mfuko huo ulisaidia kazi za korona. Hatua kama hiyo ni njema. Lakini Busitema na Alupe nazo ni vyuo vya taifa, na vijana wao hawawezi kungoja makombo ya mji mkuu.

HATI YA HAKI AMBAYO KARANI ANAISOMA

Kuna jambo moja ambalo kila karani wa kuhoji analijua kwa moyo. Kabla ya kuuliza swali la kwanza, hana budi kumsomea mhojiwa hati ya ridhaa. Hati hiyo husema: una haki ya kukataa, una haki ya kuacha wakati wowote bila kuadhibiwa, haya ndiyo madhara yanayoweza kukupata, na hii ndiyo namba ya simu ya kupiga ukiwa na malalamiko. Kamati ya maadili haitoi kibali bila hati hiyo. Ni jambo jema sana, nasi twaliunga mkono.

Lakini msomaji mwenyewe wa hati hiyo ana hati gani? Tuliwauliza. Wengine walikuwa na barua ya ukurasa mmoja. Wengine walikuwa na mkataba unaowaita "mshauri", ingawa wanaamriwa saa ya kufika, nguo ya kuvaa na kijiji cha kwenda. Jina hilo la mshauri linapendeza masikioni, lakini kazi yake kubwa ni kumwondolea mwajiri likizo, akiba ya uzeeni na fidia ya ajali. Wengine hawakuwa na karatasi yoyote.

Sheria haikunyamaza. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Anayepunguzwa kazini kwa sababu kazi imepungua apewe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi kabla ya wiki 12 kupita, na kanuni za mwaka 2011 zakataza mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022, kila mwajiri wa Uganda, hata mwenye mtu mmoja, yampasa kulipa NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi.

Lakini angalieni hapa. Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe yake, unakwisha wenyewe. Hapo hakuna notisi wala malipo ya kupunguzwa. Miradi mingi ya utafiti imejengwa juu ya mlango huo. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Lazima jambo la dharura liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na lazima liandikwe kabla ya fedha kuombwa, wakati bajeti bado iko mezani.

MADAI YETU

Kwanza, kila mradi uweke katika bajeti yake fungu la dharura la mishahara. Kama fedha za petroli na za kurekebisha magari huwekwa, za watu haziwezi kukosa.

Pili, muda ukiongezwa, mshahara nao uongezwe. Mfadhili asiyeweza kutoa fedha akubali kazi ipunguzwe: nyumba chache zaidi, maswali machache zaidi. Kazi yote kwa theluthi mbili ya mshahara, hapana.

Tatu, anayehoji kwa simu alipwe kwa siku ya kazi, na pesa za simu zitoke kwa mwajiri.

Nne, kamati za maadili za pande zote mbili, zinapouliza mhojiwa atalindwaje, ziulize pia karani atalindwaje: bima, vifaa, mkataba, na namba ya kupiga akiwa na malalamiko.

Tano, vyuo vikuu visimamishe saa ya wanafunzi wa udaktari nchi inapofungwa. Mwezi ambao kibali cha utafiti hakiwezi kutumika usihesabiwe wala usitozwe ada.

Sita, jina la aliyefanya kazi liandikwe. Fundi aliyehesabu mbu miaka mitano si "timu ya nyanjani" tu. Akitafuta kazi nyingine, jina lake katika makala ndiyo barua yake.

TUFANYE NINI SASA

Ndugu vijana wa utafiti, madai hayaendi yenyewe kwa miguu. Anzeni na karatasi. Tunzeni kila mkataba, kila ujumbe wa simu unaowaamuru kazi, kila rekodi ya malipo ya simu. Kabla ya kutia saini, someni mahali panaposema jinsi mkataba unavyokwisha, na ulizeni: nchi ikifungwa kesho, nitalipwaje? Mkikataliwa jibu, andikeni swali hilo kwa barua na mbaki na nakala. Afisa wa kazi wa kaunti au wa wilaya yupo kwa ajili yenu, wala hahitaji mwende na wakili.

Kisha jiungeni. Wahadhiri wa Kenya wana chama chao cha UASU. Walikidai kwa mgomo tangu mwaka 1993, serikali ikakataa kukisajili, viongozi wakafukuzwa kazi, na hawakupata cheti mpaka mwaka 2003. Miaka kumi! Leo mhadhiri kijana anakikuta chama kimesimama, analotakiwa ni kuingia tu. Uganda wako NUEI kwa wafanyakazi wa taasisi za elimu, na kuna vyama vya walimu wa vyuo vikuu. Kwa makarani na mafundi wa miradi, ambao mwajiri wao hubadilika kila mwaka, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu chama kimezoea kumfuata mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Nasi twaliambia shirikisho letu wazi: hapa taratibu zetu hazina budi kubadilika. Mwanachama abaki mwanachama mradi ukiisha, na kadi yake ifanye kazi Busia zote mbili. Mbu hawaulizi pasi mpakani, wala virusi. Chama kwa nini kiulize?

Wako watakaosema mtafiti si mfanyakazi, ni msomi, na msomi hagomi. Twawajibu hivi. Anayeuza nguvu zake au akili zake kwa mwezi, akangoja mwisho wa mwezi alipwe, huyo ni mwenzetu, awe ameshika jembe au darubini. Na sisi wa jembe tuna haja naye. Yeye ndiye anayehesabu homa za watoto wetu, na akiondoka Nagongera kwa kukosa mshahara, hakuna atakayejua malaria imerudi mpaka vitanda vya hospitali vijae.

Maradhi mengine yatakuja, wataalamu wote wasema hivyo. Siku hiyo watu wa kwanza kuitwa watakuwa hao hao wa mitego, wa maabara na wa simu. Wakiitwa, waende wakiwa na mkataba mfukoni na chama nyuma yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.